Lita tisa: hesabu yangu ya injini ilivyofanya tumzike mama kabla kaka hajafika

Wakuu, shikamooni. Wadogo zangu, marahaba hata kama hamjaamkia.

Ninachoandika hapa ni kweli tupu. Mnaonijua humu mnajua huwa naongeza chumvi mpaka mboga inalia. Leo chumvi nitaiweka kwenye mvua na kwenye sauti ya mjomba tu. Kwenye namba sigusi kitu. Namba ndizo zilizoniponza.

Nianze na aibu.

Mpaka nafikisha miaka thelathini na nane niliamini, tena kwa kuapa, kwamba chini ya Ziwa Nyasa, usawa wa kijijini kwetu upande wa Kihagara, kuna injini ya Mjerumani. Aliiacha inawaka alipokimbia vita, maji yakaifunika, na mpaka leo inazunguka bila tone la mafuta.

Ushahidi? Ingia ziwani alfajiri, wakati hewa inakugonganisha meno. Maji yana uvuguvugu! Sasa uvuguvugu unatoka wapi kama siyo kwenye injini?

Aliyeniambia ni kaka yangu Stefano, nikiwa na miaka sita. Mtu akikuambia jambo ukiwa na miaka sita, yeye yuko ndani ya maji mpaka kifuani na anacheka, hilo jambo huliulizi tena. Nimewahi kumkunja mtu shati stendi ya Mbinga kwa sababu alisema haipo.

Shikeni hiyo injini, nitaidai mwishoni.

Mimi naitwa Tito. Ni fundi cherehani pale Mbinga mjini. Shule niliachia darasa la saba baba alipofariki. Nilipofika miaka thelathini na tano nikajiunga na masomo ya jioni. Darasa letu lilikuwa na mama ntilie wawili, mgambo mmoja, muuza dagaa, na dereva wa bodaboda anaitwa Kelvin, ambaye tulikaa naye dawati moja.

Mkumbukeni huyo Kelvin.

Darasa zima tulikuwa na kipimajoto kimoja. Na kwa kuwa Kelvin ndiye aliyekuwa na mkono usiotetemeka (wengine tulikuwa tumetoka kazini na njaa), mwalimu alimkabidhi yeye. Kila tukipima kitu, Kelvin anachovya, anasoma kwa sauti, sisi tunaandika.

Ikafika mada ya injini za joto. Mwalimu akaandika ubaoni: ufanisi ni moja kutoa T ya baridi gawanya kwa T ya moto. Chini yake akapiga mstari mara mbili na kusema, "Jamani, T iwe ya Kelvin. Ya Kelvin! Mtu asije akaniletea nyingine."

Nikamgeukia Kelvin nikamwambia, "Umesikia mkubwa? Umepewa heshima."

Akatabasamu. Na yeye alielewa hivyo hivyo.

Wale mliosoma mchana naona mshashika vichwa. Vumilieni.

Mtihani ukaja, swali la injini halikutoka. Nikapata C ya fizikia. Wakuu, ile C niliivaa kama koti. Nilipofika kijijini na matokeo, mama alipiga kigelegele nadhani mpaka ng'ambo Malawi walidhani kuna harusi. Tangu siku hiyo kijiji kizima wakaniita Mhandisi. Fundi cherehani, Mhandisi! Na mimi nikaitika.

Sasa niwaeleze kuhusu Stefano, maana bila hili hamtaelewa uzito.

Miaka kumi na moja iliyopita Stefano aliuza injini ya boti ya marehemu baba bila kumwambia mtu, akapata nauli, akaenda machimboni Kahama. Kabla hajapanda gari mama alimwambia mbele ya watu, "Nisiuone tena uso wako."

Mama yetu hakuwa mtu wa maneno mengi. Hayo machache yalikuwa na uzito wa jiwe la kusagia.

Stefano akatii. Kule alianza kwa kubeba mifuko, akaishia kuwa fundi wa majenereta. Kila Jumapili ananipigia mimi. Nikiwa nyumbani naweka sauti kubwa. Mama anajifanya hasikii, anapeta mchele wake. Ila Stefano akianza kuongea, ungo unasimama.

Miaka kumi na moja ungo unasimama, na hakuna aliyesema neno.

Mwaka huu mwezi wa tatu mama akazidiwa na mapafu. Niliwahi kushuka kutoka Mbinga Jumamosi. Jumapili ikanyesha mvua ambayo mimi sijapata kuiona, bata walikuwa wanabisha hodi waingie ndani. Daraja likaondoka. Nguzo za umeme tatu zikalala barabarani.

Jumatatu jioni mama akafariki, kichwa chake kikiwa kwenye mkono wangu huu wa kushoto.

Mtandao wa kijijini ulikuwa umekufa pamoja na umeme, nikapanda kilimani unakoshika, nikampigia Stefano. Nikamweleza.

Akasema, "Msimzike."

"Kaka..."

"Tito, nisikilize. Alisema asiuone uso wangu. Sawa, hajauona. Ila mimi nataka niuone wake. Nipeni siku tatu. Natoka sasa hivi."

Kutoka Kahama mpaka kwetu, wakuu, mnajua wenyewe. Basi juu ya basi, na mwisho kuna daraja ambalo halipo.

Kituo cha afya cha jirani kina chumba kidogo cha maiti, friji la miili miwili. Umeme ndiyo hivyo umelala na nguzo. Mjomba Ezekieli, kaka yake mama na ndiye msemaji wa familia, akaomba jenereta la kanisani, lile la kuendeshea vipaza sauti. Vijana wa bodaboda wakanyonya petroli kwenye matangi yao, likapatikana dumu moja la lita ishirini. Mungu awabariki wale vijana, walibaki wanatembea kwa miguu kama sisi.

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi jenereta likawaka. Mama akaingia kwenye baridi.

Nikakaa kwenye ngazi za kituo, nikafungua daftari langu la vipimo. Ukurasa wa kushoto kuna kiuno cha mwenyekiti wa kijiji, ukurasa wa kulia nikaanza hesabu ya mama yangu. Naiandika hapa yote, msinirehemu.

Kibao cha nyuma ya friji kinasema wati elfu moja. Kilowati moja kwa saa sabini na mbili, mpaka Ijumaa alfajiri, ni kilowati-saa sabini na mbili. Lita moja ya petroli ina nguvu ya karibu kilowati-saa tisa, hiyo nilikuwa nayo kwenye notsi. Mpaka hapo niko salama.

Sasa ufanisi wa jenereta. Joto la moto nikachukua mia nne, kwa sababu mfano wa mwalimu ulikuwa mia nne. Joto la baridi ishirini na tano, hewa ya asubuhi ile. Ishirini na tano gawanya kwa mia nne ni 0.06. Moja kutoa hiyo, 0.94.

Asilimia tisini na nne!

Sabini na mbili gawanya kwa 0.94, gawanya kwa tisa: lita nane na nusu. Nikaweka lita tisa kwa usalama. Nikajipongeza kwa uangalifu.

Nikasema ngoja nilipigie hesabu na friji, maana friji ni injini iliyogeuzwa: badala ya joto kutoa kazi, unatia kazi kuhamisha joto. Fomula yake ni T ya baridi gawanya kwa tofauti ya moto na baridi. Ndani nyuzi nne, nje yake, mle chumbani, thelathini. Nne gawanya kwa ishirini na sita: 0.15. Yaani unatia umeme wa mia, linahamisha joto la kumi na tano. Nikaona friji gani zembe hili! Nikalisamehe, nikabaki na kibao chake cha nyuma.

Hapo mtu mwenye akili angeshtuka. Injini ya kanisani inapata tisini na nne, friji la serikali linapata kumi na tano? Mimi sikushtuka. Niliona tu kanisa linajua kununua vitu.

Tena niwape nyingine mcheke kidogo kabla hatujafika pabaya. Kwa hesabu ile ile niligundua kwamba ukipoza injini kwa barafu ya nyuzi sifuri, ufanisi unakuwa asilimia mia kamili. Na hewa ikishuka chini ya sifuri, unapita mia, yaani injini inakurudishia mafuta kwenye dumu. Nikawaza wenye mashine za kusaga kule Matiri, baridi ya mwezi wa saba, mbona hawatajiriki?

Nikawaza na injini ya Mjerumani. Nikasema kumbe inawezekana.

Saa mbili asubuhi boti ikawa inaondoka kwenda Mbamba Bay kuchukua jeneza. Mjomba Ezekieli akaniita kutoka ufukweni, kwa ile sauti yake ambayo samaki hugeuka.

"Mhandisi! Mafuta tuongeze? Boti inakwenda, na madumu haya hapa."

Kulikuwa na madumu mawili matupu ndani ya boti, ya njano, yamelala karibu na usukani.

Nikamwambia, "Mjomba, nimepiga hesabu. Zinahitajika lita tisa. Tunazo ishirini. Zitabaki za kuwarudishia vijana."

"Una uhakika, mwanangu?"

"Mjomba, hii ni fizikia."

Nikaingia kwenye boti nikayatoa yale madumu kwa mikono yangu mwenyewe. Nikasema yataminya jeneza.

Wakuu, mimi usiku nikifumba macho siioni sura ya mama. Nayaona yale madumu mawili ya njano, kwenye mchanga.

Nikaongeza na ujinga mwingine. Nyuma ya friji kulikuwa kunatoka hewa ya moto. Nikasema joto hilo litarudi ndani, na baridi inavuja. Nikachukua turubai la msibani, nikafunika nyuma ya friji kote, nikakaza kwa kamba. Mhudumu wa kile chumba, Bwana Haule, mzee mpole sana, akauliza, "Haliwezi kukosa hewa?" Nikamjibu friji halina mapafu.

Kisha nikapanda kilimani nikampigia Stefano. Alikuwa njiani, nasikia kelele za basi.

"Kaka, njoo taratibu. Mafuta yapo mpaka Ijumaa na ya ziada. Hapa kuna mhandisi."

Akacheka. Kicheko kidogo, lakini alicheka. Akasema, "Mama alikuwa anakusifu kwa hiyo C."

Sikujua alijuaje. Baadaye nikakumbuka: ile Jumapili ya matokeo nilikuwa nimeweka sauti kubwa, na mama, akiwa anapeta, alisema kwa kuuambia ungo, "Mdogo wako kafaulu." Ndiyo maneno pekee aliyowahi kumtupia katika miaka kumi na moja. Tena hakumtaja jina.

Jeneza likafika jioni ile. Jumanne ikapita vizuri. Jenereta linanguruma, watu wa msibani wanaimba, na mimi napita katikati yao nimeweka mikono nyuma.

Jumatano asubuhi ziwa likachafuka. Mawimbi kama nyumba, na hapo sijaongeza chumvi nyingi. Hakuna boti iliyotia pua majini.

Bwana Haule akanifuata.

"Mhandisi, dumu limebaki theluthi."

"Haiwezekani, mzee. Tumetumia siku moja."

"Njoo uone."

Nikaenda nikaona. Nikasema injini ikianza huwa na njaa, ikizoea inapunguza. Wakuu, injini siyo mgeni wa harusi! Ila ndivyo nilivyosema, na yule mzee akanyamaza kwa heshima ya C yangu.

Jumatano saa kumi na mbili jioni tulikuwa tumekaa, kina mama wanaimba wimbo wa tenzi, na ile ngurumo iko chini ya wimbo kama ilivyokuwa muda wote.

Ikakohoa mara mbili. Ikakata.

Wimbo nao ukakatika. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Watu wote wakageuza nyuso, na hawakutazama upande wa kituo cha afya. Walinitazama mimi.

Saa thelathini na sita barabara. Nusu kamili ya siku tatu.

Tulitafuta mafuta kila nyumba. Tukapata lita mbili kwenye chupa za maji, na zenyewe zikaisha kabla watu hawajalala. Nikaenda mpaka kwenye daraja lililovunjika nikasimama pale, kana kwamba petroli itavuka kwa kuniona.

Na lile turubai! Nilipolifungua, mgongo wa friji ulikuwa unachoma kama pasi yangu ya mkaa. Ndani baridi ilikuwa imeshaanza kukimbia hata kabla mafuta hayajaisha.

Alhamisi asubuhi, ufukwe wetu mnaujua ulivyo mvua ikikatika, jua linapiga kama limetumwa. Bwana Haule akamwita Mjomba pembeni, wakazungumza kwa sauti ya chini. Mjomba alipoweza kuzungumza kwa sauti ya chini nilijua yameisha.

Akaja mbele ya wanaume wote akasema, "Mama yenu siyo samaki. Tunazika saa nne."

Nikasema, "Mjomba, Stefano yuko njiani."

"Najua yuko njiani."

"Leo jioni atafika."

"Tito." Siyo Mhandisi. Tito. "Mwanangu, mimi nilikuuliza kuhusu mafuta."

Hakusema lingine. Mpaka leo hajasema lingine.

Saa mbili, nikiwa kilimani, simu ya Stefano ikaingia. Amefika Mbinga, anatafuta gari la kushuka. Akauliza, "Mnaendeleaje huko? Mama anaendeleaje?"

Aliuliza mama anaendeleaje, wakuu. Kana kwamba yuko hai, kalala tu.

Na mimi nikasema, "Njoo tu, kaka."

Ningeweza kumwambia. Mdomo niliufungua kabisa. Kuna mkuu mmoja humu aliwahi kuandika kwamba uongo ni kukopa muda. Nilikopa saa saba.

Tukamzika saa nne na nusu. Mchungaji aliharakisha. Hatukufungua jeneza.

Stefano alitokea saa tisa alasiri, viatu mkononi, suruali imekunjwa magotini, matope mpaka kifuani. Alikuwa amevuka mto kwa miguu pale penye daraja. Amenenepa kidogo, ana mvi pembeni. Alitukuta tunakula.

Akasimama. Akatazama masufuria, akatazama wanawake wanaosha vyombo. Hakuna anayekula namna ile kabla ya maziko.

Mjomba akainuka. "Karibu, mwanangu. Tumeshamlaza."

"Saa ngapi?"

"Saa nne."

Stefano akanigeukia. "Saa mbili uliniambia njoo tu."

Nikainamia sahani yangu. Mimi, Tito, mwenye maneno ya kugawa wilaya nzima.

Akaenda makaburini peke yake. Alikaa pale mpaka mama mkubwa mmoja akamfuata na kanga kumfunika mabega.

Ijumaa asubuhi akaniambia, "Lete hiyo hesabu."

Nilidhani atanipiga na ningeshukuru. Alikaa kwenye kiti cha mama cha kamba, akafungua daftari, akapita kiuno cha mwenyekiti, akasoma polepole huku kidole kinafuata.

"Kilowati-saa sawa. Petroli tisa, sawa." Kidole kikasimama. "Hii ishirini na tano ni nini?"

"T ya baridi."

"Na mia nne?"

"T ya moto."

"Za nini?"

"Za Kelvin."

"Siyo za Kelvin hizi."

"Ni za Kelvin, kaka. Ndivyo alivyokuwa anasoma."

"Nani?"

"Kelvin. Wa bodaboda, pale stendi. Ndiye aliyekuwa anashika kipimajoto."

Kaka aliniangalia. Nimeangaliwa na watu wengi maishani, wateja waliokosewa suruali za harusi wameniangalia, lakini sijaangaliwa vile. Nilisubiri acheke. Midomo ilitaka kucheka. Macho yakakataa.

"Kelvin ni kipimo, Tito. Kama kilo. Unachukua nyuzi zako unaongeza mia mbili sabini na tatu."

Akachukua kalamu. Ishirini na tano ikawa mia mbili tisini na nane. Mia nne ikawa mia sita sabini na tatu. Akagawanya, akatoa. Ikaja hamsini na sita.

"Na hii siyo ya jenereta lenu. Hii ni dari, hakuna injini ya joto hilo duniani inayoweza kuipita. Kajenereta kama kale ka kanisani, kakikupa ishirini kwa mia mshukuru Mungu. Zilizobaki zinatoka na moshi na kelele."

Sabini na mbili gawanya kwa 0.2, gawanya kwa tisa.

Lita arobaini.

Dumu letu moja lilikuwa na ishirini. Madumu mawili ya njano, ya lita ishirini ishirini, yangekuwa arobaini zaidi. Hakuyataja, hakuwa anayajua. Mimi ndiye niliyekuwa nayaona pale kwenye karatasi.

Akafanya na ya friji. Nne ikawa mia mbili sabini na saba, gawanya kwa ishirini na sita: kumi na ushee. "Hii nayo ni dari. La kweli linahamisha mara mbili, mara tatu ya umeme unaolipa. Halikuwa zembe. Friji halitengenezi baridi, linabeba joto la ndani na kulitema nyuma. Bwana Haule kaniambia kuhusu turubai. Ulimfunga mdomo mtu anayetapika."

Akafunga daftari. Hakunitukana, wakuu. Hata tusi moja la kuniwekea nafuu hakunipa.

Nisiwachoshe. Nilichojifunza nakiandika kwa ufupi, msije mkasema uzi mrefu hauna kichwa.

Kwenye fomula ya injini na ya friji, digrii za kawaida hazikubali. Ongeza mia mbili sabini na tatu kwanza. Jibu likija, jua hiyo ni dari tu, kaulize mtu anayekijua chombo chenyewe kinakula kiasi gani. Wale bodaboda walionipa petroli wangeniambia. Bwana Haule angeniambia. Niliona aibu kumuuliza mtu asiye na C.

Na mwenye madumu matupu akikuuliza kama aongeze, mwambie ongeza.

Mnaojua hizi hesabu kuliko mimi, karibuni mnikosoe, nipigeni nyundo, nastahili. Na mwenye ndugu aliyewahi kuchelewa kuona uso wa mtu wake kwa sababu yako, aniambie huwa mnaongeaje baada ya hapo. Hilo ndilo nauliza hasa.

Nilisema nitaidai injini.

Jumapili alfajiri wanaume tulikwenda ziwani kuoga, kumaliza msiba. Ziwa lilikuwa limetulia. Hewa ya baridi, meno yanagongana. Stefano alitangulia mpaka kifuani, mimi nikaingia nyuma yake. Maji ya uvuguvugu, kama siku zote.

Nilitaka sana aseme kitu. Gari la kumrudisha lilikuwa linaondoka asubuhi ile, ng'ambo ya daraja. Nikasema, "Kaka, injini ya Mjerumani bado inazunguka."

Alikuwa amenipa mgongo. Akachota maji akanawa uso, akachota tena.

"Hakuna injini, Tito," akasema. "Ni jua la jana. Maji yanachelewa kupoa kuliko hewa, basi. Ulikuwa unalia ukiambiwa uoge asubuhi, mama akanituma nikudanganye."